Muulize Fundi: Pua ina matundu mawili, koo ni moja

Barua tatu leo, zote za ekzosi, yaani bomba la moshi. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu swali lake naulizwa pale gereji karibu kila Jumamosi, na muulizaji huwa na haraka, injini inanguruma, hataki kusikia zaidi ya neno moja. Huyu amekaa akaandika, basi na mimi nitakaa nimjibu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux Vigo dabo kebini, 3.0 D-4D ya mwaka 2010, ndiyo ninayofanyia biashara. Kwenda napakia rangi za nyumba hadi Iringa, kurudi napakia nyanya za Ilula au vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Nikiwa na mzigo kama wa tani moja, mlima wa Kitonga unanitoa jasho: gia ya pili, moshi mweusi, na malori nyuma yananipigia honi. Fundi mmoja wa ekzosi amenishauri tukate bomba la zamani baada ya sailensa, anitolee mabomba mawili, moja kila upande. Anadai laki sita na nusu. Anasema kama pua ina matundu mawili, kwa nini gari lipumue kwa tundu moja? Rafiki yangu naye anasema niweke bomba moja la inchi tatu kuanzia kwenye turbo mpaka mwisho. Na shemeji yangu aliyeko Marekani kila siku ananitumia picha za pikapu za dizeli zenye mabomba mawili kama mizinga. Nimsikilize nani? – Mbeba Nyanya, Kimara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo fundi wako. Kanichekesha, maana ana maneno mazuri ya kuuzia kazi. Mwambie hivi: pua ina matundu mawili, lakini koo ni moja. Na koo la gari lako ni turbo.

Tandika boksi, lala chini ya gari injini ikiwa imepoa, uangalie mwenyewe. Injini yako ni 1KD, silinda nne zimepangwa mstari mmoja. Moshi wa silinda zote nne unakusanyika kwenye manifoldi moja, unaingia kwenye turbo moja, unatoka kwa tundu moja. Kutoka hapo kwenda nyuma ni bomba moja tu mpaka kwenye sailensa. Fundi anataka kugawa njia baada ya sailensa, yaani moshi ukishapita penye msongamano wote. Ni sawa na kupanua barabara pale Mlandizi ukitegemea foleni ya Magomeni iishe.

Tuupime huo moshi kidogo, hesabu yenyewe haina ugumu. Injini yako ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,982, tuseme lita tatu. Kila mizunguko miwili inavuta lita tatu za hewa. Ukiwa Kitonga na mshale uko kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, hizo ni lita 4,500 kwa dakika. Turbo ikisukuma hewa kwa presha ya ba moja, yaani kama ya hewa tunayovuta, juu ya ile ya kawaida, inaingia karibu maradufu: lita 9,000. Ni kama matangi mawili ya maji ya lita 5,000, yale tunayoweka juu ya minara uani, yanapita ndani ya injini kila dakika. Na hiyo ni hewa kabla haijapata moto. Kabla ya turbo, moshi wa dizeli iliyobeba mzigo mlimani unaweza kufika nyuzi 600 hadi 700, na hata ukishapita turbo na kupoa kiasi, bado umevimba zaidi ya mara mbili. Vyote hivyo vinatafuta pa kutokea kwenye bomba ambalo mkono wako unaweza kulizunguka.

Sasa turbo. Wazo hili si geni, Mswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905: chukua moshi unaokwenda kutupwa, uzungushe gurudumu, gurudumu lizungushe pangaboi dogo la kusukumia hewa ndani ya injini. Kinacholizungusha hilo gurudumu, pamoja na ule moto, ni tofauti ya presha kati ya mbele yake na nyuma yake. Mbele imebanwa, nyuma kuko wazi, linazunguka. Ukibana nyuma, unaliibia. Turbo inachelewa kuamka, hewa inakuwa pungufu, dizeli inayoingia haipati ya kuiunguza yote, na moto wa moshi unapanda. Kwa hiyo rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli kuliko fundi wako: kuanzia mdomo wa turbo kwenda nyuma, njia iwe pana, fupi inavyowezekana, na yenye kona chache.

Hapa kijiweni kuna mtu lazima atasema, "Lakini gari linahitaji presha ya kurudi, ukiweka bomba pana litapoteza nguvu." Maneno hayo yametoka kwenye magari ya petroli yasiyo na turbo, na hata huko yameeleweka kombo. Kule kinachotafutwa ni mwendo: bomba likiwa na kipimo chake, moshi unakimbia kwa mapigo na kuvuta nyuma yake moshi wa silinda inayofuata. Kwako moshi ukishasagwa na gurudumu la turbo mapigo yale yamevunjika. Hakuna cha kuvuta. Kilichobaki ni kutoka nje bila kusongamana.

Tuje kwenye mabomba yenyewe. Huhitaji mambo ya pai. Chukua kipenyo, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, ulinganishe. Bomba moja la inchi tatu: tatu mara tatu, tisa. Bomba la inchi mbili: mbili mara mbili, nne, yakiwa mawili, nane. Kwa hiyo mabomba mawili ya inchi mbili, ambayo ndiyo mafundi wetu wengi wanayapenda kwa sababu yanapindika kirahisi, yana nafasi ndogo kuliko bomba moja la inchi tatu. Halafu toa unene wa bati. Vipimo tunavyonunulia ni vya nje. Bati la milimita moja na nusu likila pande zote mbili, bomba dogo linaumia zaidi kuliko kubwa. Na bado kuna kuta. Moshi unasuguana na ukuta wa bomba, na mabomba mawili ya inchi mbili yana ukuta zaidi kwa theluthi moja kuliko lile la inchi tatu. Uzito je? Nilishawahi kuyaweka kwenye mzani: bomba la inchi tatu la bati hilo ni kama kilo 2.8 kwa mita, yale mawili yakiwa pamoja ni kama kilo 3.7. Unalipa chuma zaidi, unabeba chuma zaidi, unapata nafasi pungufu.

Ukitaka mawili yalishinde moja, yawe ya inchi mbili na nusu kila moja. Hapo unapata kumi na mbili na nusu, sawa na bomba moja la inchi tatu na nusu. Lakini utayapitishia wapi chini ya Hilux? Upande huu kuna tangi la mafuta, katikati shafti, nyuma tairi la spea, pembeni springi na mirija ya breki.

Hapo kwenye kupitisha ndipo nilipoumia mimi. Mwaka 2009 nilikuwa na Mitsubishi L200, dizeli ya 2.5 yenye turbo, nyekundu. Nilikuwa ndiyo kwanza nina gereji yangu mwenyewe hapa Keko, nikataka gari la fundi lionekane kuwa la fundi. Nikampa kazi mwenzangu mmoja mchomeleaji, jina nalihifadhi kwa sababu bado tunazikana, akanitolea mabomba mawili ya inchi mbili, ncha zimekatwa mshazari, zinang'aa. Nilipendeza, sikatai. Siku ya kwanza nilipita mtaa wetu mara tatu bila sababu.

Wiki ya pili natoka Mkuranga na magunia ya nazi. Karibu na Kongowe nikasikia harufu ya mpira. Nikadhani klachi. Nikaegesha, nikaingia uvunguni na tochi ya simu. Bomba la kushoto lilikuwa limepenyezwa kati ya springi na tairi la spea, na kwa kuwa gari lilikuwa na mzigo, ekseli ilikuwa imepanda, imelisukuma bomba likaegemea tairi. Tairi lilikuwa na mstari unaong'aa, mrefu kama shubiri, kama mahali pasi iliposahauliwa juu ya shati. Nikapitisha bisibisi juu yake, mpira ukaja nayo ukinyumbuka kama lami ya saa nane mchana. Hilo halikunitisha. Kilichonitisha ni mrija wa breki za nyuma, ambao ulikuwa vidole viwili tu kutoka kwenye bomba hilo hilo. Mwenzangu alipima kila kitu gari likiwa tupu, limekaa juu kama mbuzi. Hakuna aliyekumbuka kwamba pikapu ni gari la mzigo.

Kesho yake nikalikata bomba la kushoto, nikaziba kwa kipande cha bati. Sasa sikiliza vizuri: gari lilivuta vilevile. Nilipanda nalo mlima wa Kibamba niliokuwa nimeupanda na mabomba mawili, gia ile ile, mzigo ule ule wa nazi, sikuona tofauti hata ya unywele. Nusu ya ekzosi yangu nilikuwa nimeitupa jalalani na injini haikuwa na habari, kwa sababu tangu mwanzo kilichokuwa kinabana kilikuwa huku mbele, sailensa ya zamani na bomba lililopondwa kwenye kona.

Kuhusu shemeji yako. Mabomba mawili ni mapenzi ya Wamarekani tangu enzi za magari yao ya petroli ya V8. Kule yana maana: silinda nne upande huu, nne upande ule, kila upande una manifoldi yake, basi kila upande unashuka na bomba lake. Ni mawili kutoka koo. Ila akikutumia picha ya pikapu ya dizeli, muulize chini pakoje. Chukua Duramax ya lita 6.6 waliyoanza kuiweka kwenye Chevrolet na GMC mwaka 2001: ni V8, lakini turbo ni moja, imekaa juu katikati ya V, na moshi wa pande zote mbili unaungana kabla ya kuifikia. Cummins ya kwenye Ram ni silinda sita kwenye mstari mmoja, koo moja vilevile. Wenyewe kule, anayetaka nguvu ya kuvuta trela anafunga bomba moja la inchi nne au tano. Zile ncha mbili zinazoonekana kwenye picha mara nyingi ni bomba moja lililogawanywa huko mwishoni. Ni hereni.

Na kwa haki niseme: zipo dizeli zenye makoo mawili. Land Cruiser 200 ya V8 ina turbo mbili, kila upande yake, huko mtu akizungumzia mabomba mawili namsikiliza. Lakini pikapu ya Land Cruiser 79 yenye V8 ina turbo moja. Na zile 79 zenye injini ya 1HZ mnazoziona kila wizara hazina turbo kabisa, hizo tusiziguse leo.

Sasa nije kwenye gari lako, maana mpaka hapa tumezungumza mabomba tu, na mimi naona ugonjwa wako hauko kwenye bomba. Vigo ya 3.0 iliyo nzima, ikiwa na tani moja, haitakiwi kupanda Kitonga kwa gia ya pili huku ikitoa moshi mweusi. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Mimi ningeanza pale hewa inapoingia.

Fungua ea klina. Unapita vumbi, na kule njiani matengenezo ya barabara hayaishi. Kama ukiipiga chini mara moja inatoa wingu, usiipulize tena, nunua nyingine. Halafu shika hozi zinazotoka kwenye turbo kwenda intakula, kile kipoza hewa, na zile zinazorudi kwenye injini. Zibinye kwa mkono, zizungushe, angalia chini ya kila klipu. Unatafuta mahali pameloa mafuta na kushika vumbi, tope jeusi. Turbo yoyote huwa inapitisha ukungu kidogo wa mafuta, kwa hiyo hewa ikivuja mahali, inaacha alama. Ufa wa urefu wa ukucha ambao gari likiwa limesimama umejifunga, mlimani presha ikipanda unafunguka kama mdomo wa samaki. Nimezibadilisha hozi za namna hiyo kwa watu waliokuwa wameshalipa pesa ya nozeli, vile vinavyonyunyiza dizeli ndani ya injini. Kamuulize pia fundi wako wa injini kuhusu zile bawa ndogo ndani ya turbo: turbo ya 1KD ina mabawa yanayojifungua na kujifunga kufuata mwendo, na gari linalokaa sana kwenye foleni ya Mandela likiunguruma polepole hukusanya masizi, mabawa yakanata. Kuna na nozeli zenyewe, 1KD zinajulikana kwa hilo, ila usianzie huko kwa sababu ndiko kwenye gharama.

Ukishamaliza upande wa hewa ndipo tunaiuliza ekzosi kama ina hatia, na inajibu yenyewe. Njia ya kienyeji: injini ikiwa ya baridi, legeza nati za flenji, yaani kiungio, ya kwanza baada ya bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo, uache upenyo wa kama milimita kumi, halafu upande nalo mlima mfupi na mzigo, vioo vyote vikiwa wazi. Litapiga kelele za aibu. Kama ghafla limekuwa gari jingine, mbanano uko nyuma ya flenji: sailensa iliyoanguka matumbo, bomba lililobonyea, au masega ya kisafisha moshi (katalitiki) yaliyoziba, kama gari lako bado linayo. Kama limebaki lile lile, usimpe mtu hata shilingi ya bomba. Fanya hivyo dakika chache tu kisha ukaze, maana moto unaotoka pale unatosha kuyeyusha waya.

Njia ya kifundi ni kuchomelea nati ndogo kwenye bomba baada ya turbo, kufunga mrija wa shaba wa kama mita moja ili upoe, kisha hozi hadi kwenye geji ndogo mbele ya dereva. Kwenye injini kubwa za dizeli, watengenezaji wengi huweka kikomo karibu na kilopaskali 10, yaani kama paundi moja na nusu. Kwenye pikapu zetu mimi huwa mpole, lakini mshale ukipita paundi tatu mlimani naanza kutafuta kilichoziba.

Tuseme umefanya yote hayo na geji imesema bomba ndilo linalobana. Basi fedha yako iende mbele, siyo nyuma. Anza na lile bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo, ndipo moshi ni wa moto zaidi na kona ni kali zaidi. Weka inchi tatu. Hata inchi mbili na nusu, yenye kona zilizopindwa vizuri, kwa injini ambayo kompyuta yake haijaguswa inatosha sana. Acha kile kipande cha kunepa kati ya turbo na bomba, fundi akikwambia hakina kazi mkimbie, injini inacheza na chasisi haichezi, ukikitoa itapasuka manifoldi. Sailensa iwe ya tundu nyoofu. Na tafadhali, apime gari likiwa na mzigo.

Kona ndizo zinazotofautisha mafundi. Zamani pale mtaani Gerezani tulikuwa tunajaza bomba mchanga mkavu, tunagongelea vigingi vya mti pande zote mbili, tunapasha moto mpaka chuma kiwe chekundu, halafu watu wawili tunalipinda taratibu kama tunamnyoosha mtoto mguu. Mchanga unazuia bomba lisibonyee. Ole wenu mchanga uwe na unyevu: mvuke unafyatua kigingi kama risasi, na niliona kimoja kikitoboa bati la paa. Siku hizi vijana wanakata bomba vipande kama vya tikiti, wanaviunga kimoja kimoja mpaka kona inapatikana. Si vibaya. Ila kabla hujalipa, tia kidole ndani ya kila kiungio. Kama unakuta machozi ya kuchomelea yamening'inia kwa ndani, mwambie ayasage. Na ukiona kona imepondwa bapa, basi umenunua bomba la inchi tatu lenye koo la inchi mbili.

Nguvu kiasi gani utapata? Usitegemee muujiza. Utaona turbo inaamka mapema kidogo, mlimani gari halipandi moto haraka, na pengine Kitonga utapanda kwa gia ya tatu. Kama gari ni la toleo jipya lenye kichungi cha masizi kwenye ekzosi, haya maelezo si yako; kichungi hicho kinasomwa na kompyuta, na kukikata kunaleta matatizo mengine.

Na kama baada ya yote hayo moyo bado unataka ncha mbili nyuma, toa bomba moja la inchi tatu mpaka uipite ekseli, kisha ugawe pale mwishoni. Lipia ukijua unalipia urembo. Mke wangu ana hereni na simsemi.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mfanyabiashara wa samaki Kigamboni, nina pikapu ya dizeli. Nikifungua kioo cha nyuma cha kebini, harufu ya moshi inaingia, na mtoto wangu juzi katapika njiani. Fundi anasema ni kawaida ya dizeli. – Mama Samaki

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Si kawaida, na usikubali. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani. Kichefuchefu cha mtoto ni salamu tu.

Chungulia nyuma uone bomba linaishia wapi. Mara nyingi likioza, fundi analikata fupi, linaishia chini ya bodi. Gari likitembea, hewa nyuma ya kebini inazunguka na kurudi mbele, kioo kikiwa wazi inauleta moshi wote ndani. Bomba linatakiwa litokeze nje ya ukingo wa bodi, nyuma au ubavuni nyuma ya tairi. Kama linatokeza na bado harufu ipo, kuna tundu. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, mwambie mtu awashe gari na azibe ncha ya bomba kwa tambara nene, sekunde chache tu, wewe sikiliza chini: utasikia msss. Au angalia viungio, panapovuja pana masizi.

Kwa huko kwenu Kigamboni tatizo litarudi. Chumvi ya bahari inakula kwa nje, na kwa ndani kuna maji, kwa sababu dizeli ikiungua inatoa mvuke, na safari fupi za kwenda Feri na kurudi hazilipi bomba moto wa kuukausha. Maji yanalala kwenye sailensa. Toboa tundu la milimita tatu sehemu ya chini kabisa ya sailensa. Halivujishi moshi wa kukusumbua, na litakuongezea miaka. Mara moja moja mpe gari safari hadi Kimbiji, liunguze hayo maji. Na yale maji ya samaki yanayochuruzika kutoka kwenye bodi, yasafishe jioni ile ile kwa maji yasiyo na chumvi, chini pia; nayo ni chumvi.

SWALI: Mzee, niaje. Nataka kutoa sailensa kabisa kwenye D-Max yangu ili turbo isikike. Kuna ubaya? – Kijana wa Sinza

JIBU: Poa. Turbo yenyewe ni sailensa nusu, ndiyo maana dizeli bila sailensa haipasui masikio kama petroli. Injini haitadhurika. Kitakachokuchosha ni mngurumo. Silinda nne kwenye mizunguko 2,000 zinapiga mara 67 kwa sekunde, na mwendo huo ndio utakaokuwa nao kutwa nzima ukienda Morogoro. Mteja wangu mmoja alifika Chalinze akaegesha, akanipigia simu kuniuliza kama naweza kumtumia sailensa yake kwa basi.

Halafu kuna trafiki, na kuna majirani zako wa Sinza ambao kuta zenu zimegusana. Funga sailensa ya tundu nyoofu: ukichungulia upande huu unamwona mtu upande wa pili, na ndani pembeni kuna pamba ya kioo inayokula kelele. Sauti ya turbo inabaki, mngurumo unaondoka. Pale Ilala zipo, ila nyingine ni bati tupu lisilo na pamba ndani. Igonge kwa ukucha kabla hujatoa hela. Ikilia kama debe, irudishe.